Nenda Kaniwashie Jikoni

Sigara ya kwanza niliivuta nikiwa darasa la tatu, mwaka 1988, na aliyenipa ni baba. Mwenyewe hakujua kama amenipa. Alichosema ni maneno ambayo watoto wengi wa kota za reli pale Morogoro tuliyasikia kila jioni: "We, nenda kaniwashie jikoni."

Kiberiti kilikuwepo, ila mama alikuwa mchoyo wa njiti, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka tayari. Basi unaichukua sigara, unachuchumaa, unagusisha ncha yake kwenye kaa jekundu. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua kwamba sigara haishiki moto kwa kugusishwa tu. Lazima uivute kidogo. Usipovuta inaungua upande mmoja, na ukimpelekea mzee sigara iliyoungua upande atakurudisha. Kwa hiyo nilivuta. Pafu moja, machozi yananitoka, koo linawasha, natema mate kwenye majivu, halafu nakimbia nayo uani nimeikinga kwa kiganja upepo usije ukaizima. Mama alikuwa hapo hapo anasonga ugali. Hakusema kitu. Ilikuwa kazi ya mtoto kama kuchota maji au kufagia uwanja.

Nimefundisha Biolojia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya upumuaji huwa nawaeleza wanafunzi kwa nini watu huanza kuvuta. Vitabu vinataja marafiki, matangazo, udadisi. Sibishani navyo. Lakini mimi sikuanzishwa na rafiki. Nilianzishwa na utiifu.

Kabla ya kuwasha kulikuwa na kutumwa. Unapewa sarafu, unaambiwa "mbili", unakwenda dukani kwa Mangi. Mangi hakuuliza ni za nani. Alitia vidole viwili kwenye pakiti iliyokwisha funguliwa, akachomoa moja, akachomoa ya pili, akazilaza kwenye kiganja changu. Siku za mvua nilizirudisha ndani ya gauni, kifuani, maana sigara ikilowa ni hasara yako. Nilizinunua moja moja miaka yote ile, na sikuwahi hata siku moja kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Kama kulikuwa na onyo kwamba uvutaji ni hatari kwa afya, lilibaki kwa Mangi, mimi nikaenda na sigara.

Msinielewe vibaya, baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa mabehewa, mtu wa zamu, mkimya kupita kiasi. Akirudi alioga, akala, akakaa kwenye kigoda chake chini ya mwarobaini, na hapo ndipo nilipotumwa jikoni. Akishaivuta mara mbili, tatu, ulimi ulifunguka. Alitusimulia reli ya kati stesheni kwa stesheni: Kilosa, Gulwe, Dodoma, Saranda, Itigi, Tabora, mpaka Kigoma ziwani. Alitusimulia namna maji ya mvua yalivyozoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, wakakuta behewa la mizigo linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Sisi watoto tuliketi chini, upande moshi unakoelekea, kwa sababu ndio upande tulioweza kumwona uso.

Ila hadithi za baba zilikuwa na urefu wa sigara moja. Kipisi kikishaanguka na kusagwa kwa ndala, hadithi imekwisha, hata kama behewa bado linaning'inia. Anainuka, anaingia ndani. Ndiyo maana sarafu ilipotoka mfukoni mwake niliikimbilia. Nilitamani azivute zote mbili.

Huo moshi ndio niliokulia ndani yake. Mtu mzima aliyeniambia shuleni kwamba sigara ni mbaya alikuwa ananiambia habari za kitu kingine kabisa.

Kaka yangu alitangulia. Alipofika darasa la sita alianza kuokota vipisi chini ya ule mwarobaini, anavikusanya kwenye kopo la maziwa, wanakwenda kuvivutia nyuma ya ukuta wa karakana na wenzake. Siku baba alipogundua alimchapa mkanda mpaka majirani wakaja kumshika mkono. Sitasahau kwamba wakati anamchapa, sigara ilikuwa inawaka pembeni, ameiweka ukingoni mwa ngazi isizimike. Alipomaliza aliichukua akaendelea. Kaka alijifunza siku ile kwamba kosa lake lilikuwa umri. Aliniambia usiku, tumelala mkeka mmoja, anasinasina: "Nikiwa mkubwa hakuna atakayenipiga." Na kweli, alipopata kazi, mshahara wa kwanza alinunua pakiti nzima akaiweka mezani mbele ya baba. Baba akaichukua moja. Walivuta wote wawili, na nadhani ile ndiyo siku baba alimkubali kuwa mwanamume. Mimi nilikuwa mlangoni nawaangalia. Nilimwonea kaka wivu, na wivu huo sikuwahi kuusema mahali popote mpaka ninapoandika hapa.

Mimi sikuendelea. Ningependa kusema ni kwa akili zangu, lakini ni kwa sababu ya usichana. Mtoto wa kike aliruhusiwa kuwasha, hakuruhusiwa kuvuta, na mpaka kati ya vitu hivyo viwili, yaani lile pafu moja, kila mtu alijifanya haupo.

Na bibi je? Bibi mzaa mama, kule Mgeta, alikuwa na kikopo cha dawa ya viatu alichokiosha vizuri, ndani kimejaa ugoro. Anabana kidogo kwa vidole viwili, ananusa, anapiga chafya, anafuta pua kwa pindo la kanga. Kingine anakiweka nyuma ya mdomo wa chini. Ungemuuliza kama anatumia tumbaku angekufukuza na mwiko, maana tumbaku ni ya wanaume walevi. Ugoro ni dawa ya kichwa! Nimesoma baadaye kwamba ni jani lile lile, limesagwa na kutiwa magadi, lina nikotini ile ile, na linaweza kuleta saratani ya mdomo. Wakati huo tulikuwa tunagombania kumpelekea.

Mwaka 2004 nikapangiwa kituo cha kwanza cha kazi, Urambo, mkoani Tabora. Nikaondoka Morogoro kwa treni, stesheni za baba zikipita dirishani moja moja, nikaingia kwenye nchi ya tumbaku yenyewe. Urambo ni moja ya sehemu ambako Waingereza walijaribu ule mradi wa karanga uliokufa baada ya vita, na baada ya karanga kushindikana ndipo tumbaku ikashika. Ukitembea vijijini unaona mabani, vile vijumba virefu vya udongo vya kukaushia majani, na marundo ya kuni za miyombo kando yake. Nikaingia darasani nikiwa na bidii ya mwalimu mpya, nikawaambia wanafunzi wangu tumbaku ni sumu.

Darasa lilinyamaza. Si kwa kushtuka. Ilikuwa kimya ya adabu, kama pale mgeni anapotukana chakula alichokaribishwa. Mvulana mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, sisi tunailima. Hatuivuti." Nilikuwa nimewaambia kwamba ada zao ni sumu, sare zao ni sumu, baiskeli waliyojia shuleni ni sumu. Wakati huo ada ya sekondari ililipwa, na wengi pale walilipiwa baada ya soko la tumbaku, marobota yakishapimwa.

Baadaye mama mmoja aliniuliza kwa nini mwanaye kila akisaidia kuvuna asubuhi, majani yakiwa na umande, anatapika na kichwa kinamzunguka, wakati hajawahi kuvuta hata pafu. Nikamweleza kwamba nikotini huingia kupitia ngozi, hasa jani likiwa limelowa. Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Basi tutakuwa tunamwacha mpaka jua litoke." Hapo nilifaulu kuliko siku ile ya hotuba ya sumu, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba maisha yake ni mabaya.

Nilirudi Morogoro 2011. Mji huu nao una viwanda vya kusindika tumbaku, na msimu ukifika kuna mitaa unapita unanusa harufu ile tamu, nzito, kama ya zabibu kavu zilizosahauliwa kabatini. Wanafunzi wangu wengi wameizoea, hawaisikii tena.

Miaka kadhaa nilifundisha mada hii kama kitabu kinavyotaka. Kitabu ni cha Kiingereza, ingawa sijaona mwanafunzi wangu anayevuta kwa Kiingereza. Nilikuwa na takwimu zangu kwenye daftari: Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja hawakuwahi kuvuta, walivuta hewa ya wavutaji. Nikizisoma, naona nyuso za wale ambao najua nyumbani kwao kuna mvutaji zinafunga kama duka saa ya swala. Nilidhani hawajali. Ilinichukua muda mrefu, kwa aibu yangu, kukumbuka uso wangu mwenyewe wa mwaka 1988. Ukimwambia mtoto mvutaji ni mjinga, umemwambia baba yake ni mjinga. Kati yako na baba yake atamchagua nani?

Mwaka 2017 nikajaribu jambo lingine na kidato cha pili. Niliwagawia vikaratasi, nikawaambia wasiandike majina, waandike kwa herufi kubwa nisiujue mwandiko wa mtu. Swali moja: nyumbani kwenu nani anatumia tumbaku ya aina yoyote, na wewe ukimwona anatumia unajisikiaje?

Nilivisoma ofisini wenzangu wakiwa wameshaondoka. Mmoja aliandika: BABA AKIVUTA HANA HASIRA KWA HIYO NAOMBA AWE NA SIGARA. Mwingine: MJOMBA ANAVUTA NA NDIYE ANAYENISOMESHA. Mwingine: HAKUNA, BIBI ANAWEKA UGORO TU. Nikacheka peke yangu, nikamkumbuka bibi. Mwingine: SITAVUTA KWA SABABU SWETA LANGU LINANUKA NA WENZANGU WANANIITA BANI. Mwingine aliandika habari za dada yake na shisha, kwamba si sigara, ni ya ladha ya embe na moshi unasafishwa na maji. Serikali ilikuwa imeshaipiga marufuku shisha mwaka mmoja nyuma, Julai 2016, na maji hayasafishi kitu, lakini nyumbani kwao dada mkubwa ndiye mwenye kauli. Na kimoja kilikuwa na maneno mawili tu: NAMKUMBUKA BABU.

Karibu wote walijua ni hatari. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walichokuwa nacho ni sababu, na kila sababu ilikuwa na mtu ndani yake. Yule wa sweta ndiye aliyenishangaza zaidi: nyumba ya moshi humtoa mtoto anayeuchukia moshi pia, tena kwa kisirani. Tafiti za nchi nyingi zinaonesha mtoto wa mvutaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuvuta, na mimi nimeliona hilo kwa kaka yangu. Lakini moshi ule ule ndani ya nyumba moja ulimfanya kaka mvutaji, mimi mwalimu wa Biolojia, na mdogo wetu wa mwisho mtu wa kufungua madirisha yote hata Julai.

Wiki iliyofuata nikafanya lile jaribio la chupa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu chini, ziba kwa kidole, jaza maji. Mdomoni weka pamba, kisha chomeka sigara, uiwashe, uondoe kidole. Maji yakishuka, chupa inavuta sigara kama mtu. Sigara niliinunua duka la jirani na shule, moja, na muuzaji hakuniuliza kitu, kama ambavyo asingemuuliza mwanafunzi wangu, ingawa sheria ya mwaka 2003 inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Pamba ilitoka ina duara la kahawia katikati. Nikaipitisha dawati kwa dawati. Hawakupiga kelele. Walinusa.

Kijana mmoja alinifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, hii pamba ni ya moja."

"Ya moja, ndiyo."

"Baba anavuta pakiti." Akasimama hapo, anapindapinda kona ya daftari. Sikujua la kumwambia, nikamwambia ukweli mwepesi, kwamba mapafu si pamba, yana namna ya kujisafisha, na mtu akiacha hata ukubwani mwili unapata nafuu. Akaitikia, akaondoka.

Jumatatu baba yake akaja. Fundi gereji, grisi kwenye kucha, shati limepigwa pasi kwa ajili ya safari ya shule. Hakukaa nilipomkaribisha kiti.

"Mwalimu, nimekuja kwa heshima. Jana nimemtuma kijana dukani. Nina wageni. Ananijibu, 'Sheria hairuhusu, baba.' Mbele ya wageni! Wewe ndiye unayemfundisha kunidharau?"

Sheria ilikuwa upande wangu na ningeweza kumshinda hapo hapo. Nilimuuliza yeye alianzaje.

Hakutegemea swali hilo. Akavuta kiti mwenyewe. Alisema alianza Kongwa, akichunga ng'ombe za marehemu baba yake, ana miaka kama 12. Asubuhi kuna baridi ya kukata. "Mzee alikuwa akivuta, ananiachia kipisi." Aliposema "ananiachia" sauti ilibadilika, ikawa ya mtu anayetaja kitu alichorithishwa. Nami nikamweleza habari za jiko na kaa na hadithi za behewa. Tulicheka. Mwalimu mkuu alipita akachungulia, nadhani alitegemea kukuta ugomvi.

"Kuacha sikuahidi, Mwalimu," alisema akiinuka. "Nimejaribu. Nikikaa saa tatu bila kuvuta, hata spana naiona adui. Lakini kumtuma, sitamtuma."

Nikajiona nimeshinda. Kama wiki sita baadaye nikamuuliza kijana nyumbani kukoje. Akasema baba yake ametimiza, hamtumi mtu. Anakwenda dukani mwenyewe jioni, anavutia huko huko kwenye benchi na wenzake, anarudi wameshalala.

"Ila siku hizi hatukai naye, Mwalimu."

Sikulijibu hilo. Mpaka leo sina jibu lake zuri.

Baba yangu aliacha mwaka 2018, akiwa na miaka 70, si kwa hotuba zangu. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu, kwenye mwaka 2010, alichukua kijiti cha peremende akakaa kwenye kigoda cha babu yake, akakiweka mdomoni, akakung'uta majivu yasiyokuwepo, kisha akakohoa. Kikohozi kile kile cha asubuhi cha baba, cha kuinama na kushika goti. Alidhani ni sehemu ya mchezo. Sote tulicheka, baba kuliko wote, lakini tangu siku hiyo alianza kuvutia nyuma ya choo. Kujificha kulimpa miaka minane mingine ya kuvuta. Ilikuja kuwa pumzi: kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Daktari alisema maneno machache, na mzee akaitupa pakiti kwenye shimo la taka bila sherehe.

Tatizo likawa mikono. Alikaa kwenye kigoda jioni, mikono haijui pa kwenda, anashika goti, anashika sikio, anainuka. Na hadithi zikakauka. Hakuwa na kipimo tena cha kuanzia na kuishia.

Desemba 2019 tulikuwa kwake na wanangu. Jioni nikatoa noti ya elfu moja nikampa yule yule wa kijiti cha peremende, sasa ana miaka 12. "Nenda kwa Mangi kamletee babu karanga. Zenye maganda." Akarudi na mfuko. Baba akaanza kumenya, moja, nyingine, maganda yanaanguka pale pale vipisi vilipokuwa vikianguka. Alipofika kama karanga ya kumi akasema, bila kumtazama mtu, "Sasa kuna mwaka maji yalizoa tuta huko mbele ya Kilosa..."

Watoto wakasogea. Mimi nikasogea. Mfuko ulikuwa mkubwa. Kwa mara ya kwanza nikasikia lile behewa lilivyoshushwa.

"Mangi ameniuliza kitu," mwanangu alikumbuka katikati. "Anauliza kama babu bado yupo, maana siku hizi hatumi mtu."

"Mwambie yupo," baba akasema mdomo umejaa. "Mwambie nimehamia kwenye karanga."